Mpango wa Utalii Uanzie Kisimani

Ndugu wasikilizaji, majuzi nilialikwa semina. Mnazijua semina zetu. Unapewa mkoba wa kitambaa, kalamu na daftari. Chai saa nne, wali saa saba, na jioni anasimama mtu kusoma maazimio ambayo, ukiitazama karatasi yake, utaona yalipigwa chapa tangu jana. Semina hii ilikuwa ya kuzungumzia namna ya kuutekeleza mpango wa utalii endelevu hapa Zanzibar. Tuligawiwa kitabu kinene, na juu ya meza, mbele ya kila mmoja wetu, palikuwa na chupa tatu za maji. Nilizihesabu kwa sababu msemaji wa kwanza alichukua saa nzima.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi. Nikapanda daladala kwenda kumwamkia shangazi yangu, anayekaa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kitabu cha mpango nilikuwa nacho mkobani, nikidhani nitakisoma njiani. Shangazi alinikaribisha kama kawaida yake, akanitilia chai. Nikapiga funda moja, nikafikiri bibi wa watu macho yameanza kumpotea, ametia chumvi badala ya sukari.

"Sukari nimetia, mwanangu," akaniambia kabla sijasema neno. "Chumvi ni ya kisima."

Kisima hicho nakijua tangu utotoni. Wakati wa likizo za skuli tulikuwa tukitumwa kuchota, na maji yake yalikuwa matamu kiasi kwamba watu wa vijiji vya jirani walikuja nayo ndoo zao. Leo maji yale ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa wananunua kwa dumu kutoka kwa kijana mwenye gari ya punda, au wanakesha wakisubiri bomba linalotoa maji usiku wa manane, tena siku likipenda. Siku ile shangazi alikuwa amekosa la bomba na hakuwa na fedha ya dumu, na mgeni amekuja. Ndiyo maana nikanywa chai ya chumvi.

Kiasi cha hatua mia tatu kutoka kisimani upo ukuta wa hoteli. Juu ya ukuta unaona vichwa vya minazi na maua mekundu yaliyostawi, na jua lile la Januari. Sikusimama pale nikasema hoteli ndiyo iliyotia chumvi kisimani. Sijui, na shangazi hajui, na hata mwenye hoteli yenyewe pengine hajui. Hilo la kutojua ndilo nililokuja kuzungumza nanyi jioni hii.

Ndugu wasikilizaji, kwanza niwatendee haki waliouandika mpango. Mpango ni mzuri. Umesema utalii uwanufaishe wenyeji, mazingira yalindwe, mila ziheshimiwe, taka zipungue, vijana wafundishwe kazi. Hakuna mtu mwenye akili yake atakayepinga hata mstari mmoja. Wala si mpango wa kwanza. Karafuu ilipoporomoka bei katika miaka ya 1980, Serikali ya Zanzibar ilitafuta pa kushika, na mwaka 1986 ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi. Mwaka 1992 ikaundwa Kamisheni ya Utalii. Mwaka 1993 ukatengenezwa mpango wa kugawa maeneo ya utalii, wapi hoteli zijengwe na wapi zisijengwe. Baadaye ikaja kaulimbiu ya Utalii kwa Wote, na tangu mwaka 2020 tunazungumza Uchumi wa Buluu. Kwa hiyo, atakayesema Zanzibar haikupanga atakuwa anasema uongo.

Na wageni wamekuja. Mwaka 2019 walifika zaidi ya laki tano. Mwaka 2024 walipita laki saba. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu sisi wenyeji kuwa kiasi cha milioni moja na laki tisa, watoto wachanga na wazee wote humo. Fikirieni nyumba yenye watu kumi na tisa inayopokea wageni saba kila mwaka. Si jambo baya, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenye nyumba mwenye busara, kabla hajatandika kitanda, hufunua mtungi akatazama maji yamefika wapi.

Sasa, maji ya Unguja yanakaa wapi? Hatuna mto mkubwa, wala hatuna mlima wenye theluji. Tuna mvua za masika na za vuli, na mwamba. Mji wa Zanzibar umebahatika, kwa sababu tangu zamani ulikunywa kutoka chemchemi kama za Mwanyanya na Bububu. Lakini upande wa mashariki na kusini ni uwanda mtupu, mawe ya matumbawe yenye udongo kiganjani. Mvua ikinyesha pale inapenya moja kwa moja chini, inakwenda kukaa juu ya maji ya bahari yaliyoingia ndani ya mwamba. Maji matamu ni mepesi, ya chumvi ni mazito. Basi yale yanaelea juu ya haya kama samli juu ya mchuzi. Ukichota taratibu kwa ndoo, unapata samli. Ukitia pampu kubwa ukavuta mchana kutwa, mchuzi unapanda. Na ukishapanda haushuki kwa mvua moja.

Wazee wetu hawakusoma elimu hii darasani, lakini waliijua. Visima vyao havikuwa virefu, na palikuwa na miiko ya nani achote na wakati gani. Tuliwacheka.

Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti juu ya maji na utalii, na katika sehemu walizozitazama hapa kwetu walipita Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Walikuta nyumba ya mwenyeji, familia nzima, inatumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Nimeifanya hesabu hiyo kwa kalamu niliyopewa semina. Chumba kimoja cha hoteli kubwa kinakunywa maji ya nyumba thelathini na nne.

Msije mkafikiri mgeni ana tumbo kubwa. Hazinywi lita hizo. Zinakwenda bustanini, kwenye bwawa la kuogelea, kwenye mashuka na mataulo yanayofuliwa kila kukicha, na zingine zinavuja tu kwenye mabomba yaliyofungwa ovyo. Mgeni mwenyewe, ukimwambia kwamba shuka lake la siku moja ni ndoo za mama fulani, wengi watakwambia basi msilifue. Lakini nani anamwambia?

Tarakimu hizo ni za miaka mingi sasa. Hoteli zimeongezeka tangu wakati ule, na zingine zimejirekebisha kwa mitambo ya kuchuja maji ya bahari na ya kusafisha maji machafu yamwagiliwe bustani. Zinastahili sifa. Lakini nikiuliza leo, katika kijiji cha shangazi, hoteli ile inavuta lita ngapi kwa siku, jibu sipati. Na nimeuliza, ndugu zangu. Jumatatu ile niliporudi mjini nilivaa viatu vyangu vizuri nikazunguka. Ofisi ya kwanza waliniambia suala la visima binafsi halipo kwao, liko kwa jirani zao. Kwa jirani nikaambiwa wao hutoa kibali cha kuchimba tu, akishachimba si kazi yao. Ofisi ya tatu waliniambia hayo ni mambo ya mazingira, mhusika yuko safari. Ya nne walikuwa wakarimu sana. Walinipa kiti, wakanipa na kitabu cha mpango. Nikawaambia ahsanteni, ninacho.

Hapo ndipo mpango unapofia. Haufi kwa sababu ya wabaya, ingawa wabaya wapo. Unakufa kwa sababu umeandikwa kwa maneno ambayo hayana mwenyewe. Nilikisoma kitabu kile usiku, na kila ukurasa nilikutana na neno "wadau". Wadau watahakikisha. Wadau watashirikiana. Wadau watahamasishwa. Nikajiuliza huyu mdau anakaa mtaa gani, na mshahara wake nani anamlipa, na asipohakikisha nani atamuita ofisini asubuhi kumuuliza. Wizara, wilaya, shehia, mwenye hoteli na shangazi yangu wote ni wadau. Jambo la watu wote ni kama mbuzi wa wote, hulala na njaa.

Sipendi kulalamika tu, kwa hivyo nitazame palipofanikiwa, maana papo.

Wengi wenu mmepita Jozani, kwenye barabara ya kwenda kusini. Msitu ule ndiyo makao makuu ya kima punju, ambaye duniani kote hapatikani mwituni ila Unguja, isipokuwa kundi dogo lililopelekwa Pemba. Wakulima wa pale walikuwa hawataki hata kumsikia. Anakula machipukizi, anakula vidaka, kisha anakwenda kwenye tanuri la mkaa anakula na makaa. Msicheke, ni kweli. Wataalamu wanasema mkaa unamsaidia tumbo baada ya majani makali. Na barabarani magari yalikuwa yakimponda mara kwa mara. Basi ikafanywa nini? Hawakuishia kuandika kwamba wadau watahamasishwa juu ya umuhimu wa kima. Katika miaka ya 1990 yalijengwa matuta barabarani. Matuta, kifusi na lami. Dereva wa daladala, awe amehamasika au hakuhamasika, akifika pale anapunguza mwendo, na vifo vikapungua. Pili, ukawekwa utaratibu wa sehemu ya kiingilio cha mgeni kurudi kwa wanavijiji wanaozunguka msitu na kwa wakulima ambao kima anakula mashambani mwao. Mwaka 2004 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Malalamiko juu ya mgao hayajaisha, na mkulima atakwambia anachopata hakilingani na alichopoteza. Lakini angalia tofauti. Yeye analalamika juu ya fungu analolijua lipo, lenye risiti. Shangazi yangu hana hata cha kulalamikia.

Mfano wa pili ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na walinzi wakachukuliwa miongoni mwa wavuvi wa sehemu za jirani, watu wanaojua jahazi la nani linakuja na kwa nia gani. Kisiwa hakina kisima hata kimoja. Zilipojengwa nyumba za wageni, saba tu, kila paa likatengenezwa likinge mvua na chini ya kila nyumba likawekwa tangi. Choo chao hakitumii maji. Nakubali kwamba Chumbe ni padogo na ni ghali, na hoteli ya vyumba mia tatu haiwezi kuendeshwa namna ile. Mtu aliyeniambia hivyo pale semina alisema kweli. Lakini hoteli ya vyumba mia tatu ina mapaa makubwa zaidi, na masika yanamnyeshea kila mtu bila kuuliza nyota ngapi.

Kwa hiyo, kama ningepewa ukurasa mmoja tu wa kitabu kile niuandike upya, ningeandika hivi. Kila kisima cha hoteli kifungwe mita ya maji, na mita isomwe kila mwezi na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Tarakimu yake ibandikwe ofisini kwa sheha, pamoja na kipimo cha chumvi cha kisima cha kijiji, ubaoni, penye macho ya watu. Hoteli mpya isipewe ruhusa ya kufungua milango kabla matangi yake ya mvua hayajaonekana kwa macho. Ni hayo tu kwa mwaka wa kwanza. Taka, njia za wavuvi kufika pwani, wakulima wa mwani, ajira za vijana, yote ni mazito na kila moja lina siku yake kwenye mazungumzo haya. Lakini ukianza na yote kwa pamoja utarudi kwenye "wadau".

Najua nitaambiwa nafukuza wawekezaji. Nalijua neno hilo, husemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Basi nami nijibu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, wageni walishuka hadi kiasi cha laki mbili na sitini elfu, na niliona mwenyewe vijana wa kijiji kile, wapishi, walinzi, wasichana wa kutandika vitanda, wamekaa barazani mchana kutwa. Sitaki kuiona tena siku ile. Mpwa wangu mmoja anafanya kazi ndani ya ukuta ule ule, na mshahara wake ndio unaonunua dumu la shangazi. Lakini mwenye hoteli ana fedha zake ardhini kuliko mimi. Mchuzi ukipanda, utapanda na kisimani kwake. Atanunua maji ya gari, kisha atanunua mtambo, kisha atapandisha bei ya chumba, kisha mgeni ataangalia picha za kisiwa kingine. Mita ya maji inamlinda yeye kabla haijamlinda shangazi.

Tena wako watakaoniambia kuwa sisi wa mjini ndio tunaomwaga maji. Hilo nalo kweli. Bomba limepasuka mtaani kwetu wiki ya tatu hii, watoto wamelifanya pahala pa kuogea, na hakuna aliyepiga simu, mimi nikiwa mmoja wao. Na ninyi mnaonisoma mkiwa Dar es Salaam msidhani mmenusurika. Mnapanda boti Ijumaa jioni kuja kupunga upepo, mnaoga mara tatu kwa siku kwa sababu maji ya hotelini hayana bili. Bili ipo.

Kabla sijaondoka kijijini siku ile nilipita kwa sheha. Nilimkuta anatengeneza baiskeli. Nikamueleza habari za mita na ubao, naye akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, adabu ambayo semina hatukuiona. Kisha akaniingiza ofisini kwake, chumba kimoja chenye meza na dirisha, akanionesha ukutani.

"Ubao huu hapa, bwana mwandishi," akasema. "Uliletwa na mradi wa zamani. Chaki ninayo. Mtu wa kwenda kusoma mita nitampata leo hii, tena kijana aliyemaliza skuli, anajua hesabu. Wewe niletee ruhusa ya kuingia kule ndani."

Ruhusa hiyo nimeiombea kwa barua tangu Jumanne, katika ofisi ile ya nne, waliyonipa kiti. Wamepokea na kugonga muhuri. Wakinijibu nitawasomea jibu lao hapa hapa, na wasiponijibu nitawasomea tarehe. Shangazi anakusalimuni nyote. Nimemnunulia pipa la kukinga mvua, na fundi ameahidi kuja kufunga mfereji wa bati kabla ya masika.

Usiku mwema, ndugu wasikilizaji.